Jinsi ya kubuni chombo kinachoipita kasi ya mwanga katika hadithi yako

Kila anayeandika hadithi ya sayansi yenye safari za nyota hukutana na shida ileile: nyota ziko mbali mno, umri wa binadamu ni mfupi, na hadithi inataka wahusika wafike kabla hawajazeeka. Wengi hapo huweka injini ya ajabu, huipa jina zito, kisha huendelea na mambo mengine. Msomaji huvumilia mara ya kwanza. Injini hiyohiyo ikija kumwokoa shujaa kila anapobanwa, msomaji anaweka hadithi chini na haiokoti tena.

Mwongozo huu ni wa mwandishi anayetaka chombo chake kiaminike. Msimamo wangu ni huu: amua kwanza chombo chako hakiwezi nini, ndipo uamue kinaweza nini. Vikwazo ndivyo vinavyozaa bandari, biashara, vita, ndoa za mbali na hofu ya nahodha.

Hatua ya 1: Ujue ukuta wenyewe

Mwanga husafiri kilomita 299,792 kwa sekunde katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu, hata hewa. Kutoka mwezini hadi kwetu unatumia zaidi kidogo ya sekunde moja. Kutoka kwenye jua ni dakika nane na ushee. Kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, ni miaka 4.24.

Sasa tazama vyombo tulivyo navyo. Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa hadi Proxima ungekigharimu miaka karibu 75,000. Parker Solar Probe kilipita kando ya jua Desemba 2024 kwa kilomita zipatazo 192 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna chombo kingine cha binadamu kilichowahi kuifikia. Nacho, kama kingeweza kudumu na kasi hiyo, kingetumia zaidi ya miaka 6,600.

Kwa nini basi tusiongeze nguvu ya injini? Tangu Albert Einstein alipochapisha nadharia ya uhusianifu mwaka 1905, tunajua kwamba kitu chenye tungamo kikikaribia kasi ya mwanga, nishati ya kukiongezea mwendo hupanda bila kikomo. Kilo moja ya mzigo ikifikishwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga hubeba nishati inayozidi mara mbili ya ile ya bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la mwaka 1961. Hiyo ni kilo moja tu, na bado haijagusa ukuta. Ndiyo maana sentensi kama "wahandisi walitengeneza injini yenye nguvu mara elfu, wakaupita mwanga" humshtua msomaji yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari. Nguvu haiubomoi ukuta huu.

Hata hivyo sheria hii ina mipaka. Inakizuia kitu kuupita mwanga ndani ya nafasi. Haiizuii nafasi yenyewe kutanuka au kujipinda. Galaksi za mbali sana zinaachana nasi kwa kasi inayozidi ya mwanga, kwa sababu nafasi iliyo kati yetu inatanuka, na hakuna sheria inayovunjwa. Mlango wa hadithi yako uko hapo.

Hatua ya 2: Jiulize kama unahitaji kuupita

Usiiruke hatua hii. Chombo kinachokwenda asilimia 99 ya kasi ya mwanga hakivunji sheria yoyote, na saa yake huenda polepole mara saba hivi kuliko saa za nyumbani. Safari ya Proxima ingechukua miaka 4.3 kwa waliobaki, na miezi saba tu kwa abiria, tukiacha muda wa kuongeza na kupunguza mwendo. Safari ya nyota iliyo umbali wa miaka 100 ya mwanga ingewagharimu abiria miaka kumi na minne, na huko nyumbani watakuwa wamezikwa wote waliokuja kuwaaga.

Kama hadithi yako ni ya mama anayeondoka akijua atarudi na kumkuta mwanawe ni mzee kuliko yeye, kasi inayoupita mwanga itakuharibia. Iache. Lakini ukihitaji himaya, biashara ya nyota kwa nyota, au vita ambavyo makamanda wake wanaviona mwanzo hadi mwisho, endelea.

Hatua ya 3: Chagua njia moja

Njia zinazotumika ni chache, na kila moja ina tabia yake. Usichanganye.

Ya kwanza ni kiputo. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Mexico, Miguel Alcubierre, akiwa Cardiff nchini Wales, alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu nafasi isinyae mbele ya chombo na itanuke nyuma yake. Chombo kinakaa katikati, ndani ya kiputo cha nafasi tulivu, na kiputo ndicho kinachosogea. Matokeo yake ni mazuri kwa mwandishi: abiria hawasukumwi kwenye viti, chai haimwagiki, na saa ya chombo inalingana na saa ya nyumbani. Ukichagua kiputo, usiandike kwamba wahusika walibanwa na mwendo au kwamba walirudi wakiwa vijana kuliko wenzao. Hayo ni ya hatua ya 2.

Ya pili ni tundu la mkato linalounganisha sehemu mbili za ulimwengu. Einstein na Nathan Rosen waliandika juu ya daraja la namna hiyo mwaka 1935. Baadaye, mwaka 1962, John Wheeler na Robert Fuller walionyesha kwamba daraja hilo hujifunga upesi mno hata mwanga hauwahi kupita. Mwaka 1988 Michael Morris na Kip Thorne walikokotoa tundu ambalo mtu angeweza kulipita akiwa hai, na chanzo cha kazi hiyo kinapaswa kumtia moyo kila mwandishi: Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani, alikuwa anaandika riwaya, akamwomba Thorne amsaidie kumsafirisha mhusika wake kwa njia isiyodharau fizikia. Fizikia ikasonga kwa sababu mwandishi aliuliza swali zuri. Tabia ya tundu ni kwamba lina midomo miwili, na midomo hukaa mahali. Haliwezi kukupeleka usikokuwa na mdomo. Kwa hiyo mwenye kuushika mdomo anashika kila kitu: ushuru, ulinzi, na nani apite.

Ya tatu ni nafasi ya pembeni: ulimwengu mwingine uliolala kando ya huu, ambamo umbali ni mfupi. Hapa fizikia haikupi msaada mkubwa, nawe uko huru, lakini uhuru huo una deni. Lazima utunge sheria za mahali hapo na uzitii. Kuna giza au mwanga? Chombo kimoja kinaweza kukiona kingine? Mtu akitoka nje ya chombo inakuwaje?

Ya nne ni kuruka: uko hapa, kisha uko kule, bila safari katikati. Ni rahisi kuiandika, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua hadithi haraka zaidi, maana inafuta barabara, na hadithi nyingi hutokea barabarani. Ukiichagua, weka muda mrefu wa kungoja kati ya ruko moja na jingine.

Kuhusu takioni, chembe za kinadharia ambazo Gerald Feinberg alizipa jina hilo mwaka 1967: hizo, kama zingekuwepo, zingekuwa daima juu ya kasi ya mwanga na zisingeweza kushuka kuifikia. Haziwezi kumbeba mtu anayeanza safari akiwa amesimama bandarini. Ziache kwa ujumbe, kama utazihitaji kabisa.

Hatua ya 4: Taja bei ya nishati

Kiputo cha Alcubierre na tundu la Morris na Thorne vinahitaji kitu kimoja kigumu kupatikana, nacho ni nishati hasi. Si hadithi tupu. Mwaka 1948 Hendrik Casimir wa Uholanzi alitabiri kwamba mabamba mawili ya metali yakikaribiana sana katika ombwe yatavutana, kwa sababu nishati ya ombwe lililo kati yao iko chini kuliko ya nje. Mvutano huo umepimwa katika maabara. Ila ni mdogo mno, na hesabu za kiputo zinadai kiasi cha kutisha. Mwaka 1997 Michael Pfenning na Larry Ford walikadiria kwamba kiputo cha kubeba chombo cha ukubwa wa kawaida kingedai nishati hasi nyingi kuliko nishati yote iliyo katika ulimwengu unaoonekana. Miaka miwili baadaye Chris Van Den Broeck wa Ubelgiji alibadili umbo la kiputo, kidogo kwa nje na kipana kwa ndani, akaishusha bei hadi kiasi cha tungamo la majua machache. Mwaka 2021 Alexey Bobrick na Gianni Martire walipendekeza viputo visivyohitaji nishati hasi kabisa, ila hivyo haviupiti mwanga.

Ukiisoma historia hiyo kama mwandishi, unaona bei ikishuka kila mtu anapobadili umbo. Hapo ndipo pa kumweka mvumbuzi wako. Hana haja ya kugundua nguvu mpya. Agundue umbo jipya. Kisha sema nishati hasi inatoka wapi katika ulimwengu wako, na nani anaimiliki. Kama inachimbwa kwenye sayari moja tu, umeshapata vita. Kama inatengenezwa kwa miaka kumi kwa safari moja, umeshapata foleni ya wanaoomba nafasi, na rushwa inayoambatana nayo.

Hatua ya 5: Weka vikwazo vya safari

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Anza na vikwazo ambavyo wanafizikia wenyewe wamevikuta. Kiputo kinapoupita mwanga, walio ndani hawawezi kupeleka ishara yoyote kwenye ukuta wake wa mbele. Maana yake ni kwamba nahodha hawezi kukigeuza wala kukizima. Lazima kiwe kimepangwa kabla, na vifaa vya kukisimamisha viwe vimewekwa njiani au mwisho wa safari na mtu aliyetangulia kwa mwendo wa kawaida. Sergei Krasnikov wa Urusi aliichukua shida hiyo akapendekeza njia inayotengenezwa wakati wa kwenda, kwa mwendo usioupita mwanga, ili kurudi kuwe kwa haraka. Fikiria inampa nini mwandishi: kizazi kizima cha watandaza-njia waliotumia maisha yao kwenda, ili wengine wasafiri kwa siku chache.

Jingine liko kwenye kufika. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walikokotoa kwamba kiputo hukusanya chembe kinazokutana nazo njiani, na kikisimama huzifyatua mbele kwa nishati kubwa. Mji ulio mbele ya chombo kinachowasili utaungua. Kwa hiyo hakuna kuelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye sayari. Vyombo vinalenga pembeni, vinasimama mbali, kisha vinamalizia kwa injini za kawaida kwa wiki kadhaa. Na kila mtu anajua kwamba chombo cha mizigo, kikigeuzwa nyuzi chache tu, ni silaha.

Kisha ongeza kikwazo chako mwenyewe, na ukiwekee mizizi ya kijamii. Mfano mzuri tunao pwani yetu. Jahazi kutoka Omani, Ghuba na Gujarati zilishuka na kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, zikapanda na kusi ilipoanza kuvuma. Nahodha hakuamua siku ya kurudi, upepo uliamua. Miezi ile ya kungoja ndiyo iliyojaza Lamu, Mombasa na Unguja wageni waliopanga nyumba, wakakopesha, wakaoa, wakaacha watoto na majina. Hata utajiri wa Kilwa una mkono wa upepo ndani yake: kuendelea kusini hadi Sofala kulikuwa kugumu kwa anayetaka kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja, hivyo dhahabu ikaletwa Kilwa, na wageni wakaipokea hapo. Kilwa yako iko wapi? Tafuta nyota ambayo chombo chako kinaifika kwa shida na hakiwezi kuivuka bila kungoja. Hapo weka mji.

Usisahau pia kwamba kabla ya kufika kwenye kiputo, watu wako lazima watoke ardhini. Kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure. Ndiyo maana Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ikarushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya anga. Bandari ya nyota kwenye pwani hii inajengeka kwa fizikia tu, bila kutafuta kisingizio.

Hatua ya 6: Chora ramani kwa namba

Chukua karatasi. Amua kasi, kisha kokotoa kila safari. Tuseme chombo chako kinakwenda mara 100 ya kasi ya mwanga. Proxima ni siku kumi na tano na nusu. Sirius, miaka 8.6 ya mwanga, ni mwezi mmoja. TRAPPIST-1 yenye sayari zake saba, miaka 40 hivi ya mwanga, ni karibu miezi mitano. Kitovu cha galaksi yetu, miaka 26,000 hivi ya mwanga, ni miaka 260. Umeshaona: kwa kasi hiyo una ujirani, huna himaya ya galaksi. Ukipandisha hadi mara 1,000, Proxima inakuwa safari ya siku moja na nusu na hakuna tena anayeaga kwa machozi, lakini kitovu bado ni miaka 26.

Amua pia kuhusu habari. Je, kuna ujumbe unaokwenda haraka kuliko chombo? Kama hakuna, gavana wa koloni anaamua peke yake na anajulisha baadaye, na barua inayobebwa na baharia inaweza kuwa imepitwa na wakati kabla haijafunguliwa. Mimi huchagua hivyo karibu kila mara.

Hatua ya 7: Shughulikia wakati uliopita

Nadharia ya uhusianifu haina huruma hapa. Ukiruhusu safari za kuupita mwanga kwenda upande wowote bila sharti, umeruhusu pia jibu lifike kabla ya swali. Kwenye tundu ni rahisi kuiona. Acha mdomo mmoja nyumbani, wa pili upakie kwenye chombo cha kawaida kiende karibu na kasi ya mwanga, kisha kirudi. Nyumbani imepita miaka kumi. Kwa mdomo uliosafiri, mmoja. Lakini ukipitia ndani ya tundu, saa za midomo yote miwili zinalingana. Anayeingia kwenye mdomo uliosafiri anatokea nyumbani miaka tisa nyuma. Morris, Thorne na Ulvi Yurtsever waliliandika hilo mwaka 1988, na mwaka 1992 mwanafizikia Stephen Hawking akatoa dhana kwamba sheria za asili zenyewe huzuia mashine ya namna hiyo isikamilike.

Una njia tatu. Unaweza kusema ulimwengu una saa moja kuu na vyombo vyote vinaitii. Unaweza kumfuata Hawking: tundu linaloelekea kufungua wakati uliopita linaporomoka, na wanaolisimamia wanaishi kwa hofu ya kukosea hesabu. Au unakubali, na kuandika hadithi ya wakati. Chagua kabla ya sura ya kwanza, hata kama hutalitaja kamwe.

Hatua ya 8: Ifiche kwenye kazi za watu

Baada ya hesabu zote hizo, usizihutubie. Mhandisi hamweleweshi mwenzake kitu wanachokijua wote wawili. Waache wafanye kazi, sheria zionekane kwenye wasiwasi wao. Kwa mfano:

"Shikamoo, nahodha. Pembe imehama."

"Marahaba. Imehama kiasi gani?"

"Kidogo. Lakini tukisimama hivi, tunaitazama bandari."

Nahodha akaacha kikombe. "Tumebakiwa na muda gani kabla ya kufunga kiputo?"

"Dakika nne."

"Basi hatufungi. Waambie abiria tunangoja dirisha lijalo."

"Ni siku kumi na moja, mama. Kuna mgonjwa chini."

"Najua kuna mgonjwa. Bandarini kuna watu elfu sitini."

Humo mna mnururisho wa kufika, kutoweza kugeuza chombo kikishafungwa, na ratiba ya kungoja, na hakuna aliyetoa somo.

Hatua ya 9: Ijaribu kwa maswali ya mhuni

Mpe rafiki mwenye akili ya uhalifu sheria zako na umwombe azitumie vibaya. Akutajie namna ya kukwepa ushuru, kumteka tajiri, kuangamiza mji, au kumfikia daktari kabla ya ugonjwa. Kila anapofaulu kwa urahisi, una mambo mawili: uzibe mwanya huo, au ukubali kwamba watu wa ulimwengu wako walishaugundua na wakajenga maisha yao wakiujua. Kisha mwulize swali moja la mwisho: injini ikizimika katikati ya njia, miaka miwili ya mwanga kutoka kila upande, nini kinatokea kwa waliomo? Jibu lake liandike kwenye daftari lako la sheria kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya hadithi.